Kalenda za Watu Kumi na Saba

Asubuhi niliyoondoka Tunduma sikuwa na mpango. Nilikuwa na begi moja, koti, simu ya laini mbili, na hasira iliyoamka kabla yangu. Nilimpa mama mwenye nyumba ufunguo wa chumba. Akaniuliza narudi lini, nikamwambia sijui. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia hilo nalo sijui.

"Basi angalau kunywa chai," akasema.

Sikunywa. Nilitembea kuelekea Mpemba kando ya foleni ya malori, upande wa kushoto, vumbi la magurudumu likinipiga usoni. Madereva walikuwa wakipiga mswaki mbele ya vioo vya pembeni na kukoroga uji kwenye majiko ya gesi chini ya matrela. Siku nyingine ningesimama kila baada ya lori mbili kuuliza shehena imetoka wapi na inakwenda wapi. Ndivyo nilivyo. Niliacha shule kidato cha pili. Nilikuwa nafaulu, ila sikuweza kukaa kwenye dawati huku nje kuna mashine inanguruma na sijui ndani yake kuna nini. Nilizaliwa Msangano, nikalima mpunga na kaka zangu. Nikaenda Mbangala, nikaponda mawe ya dhahabu. Nikashona mikoba, nikatengeneza redio, nikauza vocha. Kila nilipofika nilitaka kujua kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua nilihama.

Watu wananisifia udadisi huo. Safari hii wasinisifie.

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mhudumu katika ofisi ya wakala wa forodha, kampuni ndogo inayowatolea watu mizigo mpakani. Tulikuwa watu kumi na saba ukihesabu mlinzi wa getini na meneja. Kazi yangu ilikuwa chai, fotokopi, kupeleka bahasha, kufungua ofisi na kuifunga. Lakini kompyuta zilikuwepo, na mimi nilikuwepo, na mwenye kuzisimamia alikuwa fundi mmoja anayekaa Mbeya na kuja mara moja kwa mwezi. Alipokuja nilimshikia tochi, nikamshikia nyaya, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Mwishowe akaona ni nafuu kunifundisha kuliko kupanda gari kila mtu anaposahau paswedi yake. Akaniandikia paswedi kuu ya seva ya barua pepe kwenye kikaratasi. Nikakiweka ndani ya kasha la simu.

Mtu asiye na cheti hata kimoja, mwenye ufunguo wa barua za ofisi nzima. Nilijiona mkubwa. Nakiri hilo mapema ili mnielewe huko mbele.

Aliyenifundisha kuitumia kompyuta yenyewe, kabla hata ya fundi, alikuwa mama wa nyaraka. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mnamwanga, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Meza yake ndiyo iliyopokea makaratasi ya kila lori. Wakati wengine wananiita "Chai", yeye aliniita mwanangu. Alinionyesha jinsi ya kuandika, kuhifadhi, kutafuta faili lililopotea. Mimi nami, kama malipo, nilimwekea kalenda kwenye simu yake, ileile kalenda inayokwenda na barua pepe ya ofisi, kwa kuwa alikuwa na jambo lililohitaji kukumbukwa.

Mama yake mzazi alikuwa amepooza upande mmoja. Aliishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa dakika kumi kwa miguu ukijua vichochoro. Nyumbani pale alikaa na mtoto wake wa kiume tu, na kwetu mtoto wa kiume hamvui nguo mama yake, hata mama awe hawezi kuinua mkono. Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa chakula cha mchana, saa saba hadi saa nane, mama wa nyaraka alivuka kwenda kumwogesha. Siku nyingine alikwenda binamu yake. Sisi tukila wali, yeye alikuwa anachota maji. Alirudi kabla ya saa nane, akanywa chai ya rangi niliyomfunikia kwa kisahani, akaendelea na makaratasi. Sikuwahi kumwona amechelewa.

Mara moja alinilalamikia. "Mwanangu, hii simu uliyoniwekea kalenda ni mbovu. Inanikumbusha kwenda kwa mama wakati nimesharudi."

"Mama, hiyo simu ni ya Kichina," nikamjibu. "Inakuwa na wenge."

Tukacheka. Mimi, ninayejisifu kwamba siachi kitu mpaka nijue kina nini ndani, siku hiyo niliacha.

Sasa meneja. Alikuwa amehamia kutoka Dar miezi michache nyuma, viatu vyake bado vinang'aa. Siku moja maofisa wa ukaguzi walifika kukagua makontena ya mteja wetu mkubwa, na aliyetakiwa kuwepo hakuwepo, msaidizi wake alikuwa kwenye msiba Vwawa, na wa tatu hakuna aliyejua alipo. Mzigo ukalala siku mbili. Mteja alipiga kelele kwenye simu mpaka tukasikia sote. Meneja alikuwa na haki ya kukasirika, hapo simlaumu. Aliniita ofisini kwake.

"Fundi anasema wewe unaweza kufungua kalenda za watu zikaonekana."

"Naweza, bosi."

"Zifungue. Nataka kuona kila mtu yuko wapi."

"Uone wewe peke yako, au waonane wote?"

"Waonane. Hakuna siri kazini." Akafikiri kidogo. "Ila ya kwangu usiiguse."

Nikampigia fundi kwanza, kwa heshima. Akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo, kwa sababu niliyasikia vizuri na nikayapuuza.

"Sikiliza, bwana mdogo. Kuna ngazi. Ngazi ya kwanza mwenzako anaona tu kama una nafasi au huna. Ya pili anaona na kichwa cha kile ulichoandika. Ya tatu anaona kila kitu, mpaka maelezo. Iko na ya kubadilisha, hiyo usiiguse kabisa. Kwa shida ya bosi wako, ya kwanza inatosha. Ukipanda juu ya hapo, unafungua madaftari ya watu."

"Nimekuelewa, kaka."

Jumamosi mchana ofisi ikiwa tupu nilikaa mbele ya kompyuta ya mapokezi. Nikaingia kwenye seva. Jina la kwanza, ruhusa, kila mtu, ngazi. Mshale wangu ulisimama juu ya ngazi ya kwanza, na kama kuna mtu angeingia wakati ule kuniomba ufunguo wa choo, pengine mambo yangekuwa mengine. Hakuingia mtu. Nilishusha mshale mpaka ya tatu. Anaona kila kitu.

Meneja hakuniambia ngazi ya tatu. Alisema anataka kuona watu wako wapi. Mimi ndiye niliyetaka kuona kila kitu. Nilijiambia ni ili nijue kama inafanya kazi. Nikamaliza majina kumi na sita, nikaruka la meneja, kisha nikazifungua kalenda moja baada ya nyingine na kusoma. Mhasibu anang'oa jino Alhamisi. Dada wa mapokezi ana mazoezi ya kwaya. Mmoja wa vijana wa magari, wale wanaofuatilia malori mpakani, ana usaili wa kazi Dodoma na ameandika "nisimwambie mtu". Na mama wa nyaraka, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: "Kumwogesha mama. Kubadilisha nepi. Kupaka mafuta kwenye vidonda vya mgongo. Asilie."

Nilisoma neno hilo la mwisho. Nikajua nimeingia mahali nisipotakiwa. Nikazima kompyuta, nikaenda kula chipsi.

Ningeweza kurudi na kushusha ngazi, nilikuwa na Jumamosi jioni yote na Jumapili nzima. Sikurudi.

Jumatatu ofisi ilikuwa kama watu waliopewa televisheni mpya. Kila mmoja alifungua kalenda ya mwenzake. Mpaka saa nne yule wa usaili wa Dodoma alikuwa ameshaulizwa mara tatu atamwachia nani kiti chake. Alikuwa amekaa kwenye meza ya vijana wa magari, watu wazima wenye ndevu ila kila mtu anawaita vijana, na ili kujinasua akawatupia kitu kingine cha kuchekea. Saa nane kasoro mama wa nyaraka alipoingia kutoka ng'ambo, mikono yake bado ina harufu ya sabuni ya mche, mmoja akamwita mama na kumjulia hali kwa Kibemba, kwa sauti ya madereva wa Kizambia.

"Bamayo! Mulishani, bamayo! Mama ameoga?"

"Mafuta yamepakwa?" akadakia wa pili.

"Hajalia leo?"

Mama wa nyaraka alisimama na mkoba wake begani. Alidhani wameulizia hali ya mgonjwa, akaanza kujibu. "Anaendelea, asanteni, leo ame..." Kisha akaona wanavyotazamana. Akaangalia kompyuta yao, na kwenye kioo akaona maandishi yake.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikapita nalo kama vile chai ingepoa.

Wiki hiyo yote alikaa mezani kwake bila kuinua kichwa. Ijumaa meneja akamwita na kumkabidhi barua ya kujieleza. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu, pale jikoni. Ilisema kwamba kwa mujibu wa kalenda yake mwenyewe, mara tatu kwa wiki, saa nane hadi saa tisa mchana, anatoka kwenye kituo cha kazi na kwenda nje ya nchi kwa shughuli binafsi. Ajieleze ndani ya saa arobaini na nane kwa nini asiachishwe kazi.

"Saa nane?" akaniuliza, ananinyooshea karatasi. "Saa nane mimi niko hapa. Wewe si ndiye unanipa chai saa nane?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hii imetoka wapi?"

Nikachukua simu yake. Na hapo, kwa kuchelewa kama ile simu yenyewe, kichwa changu kikafanya kazi. "Mama, hizi siku ulizijaza ukiwa wapi?"

"Nikiwa Nakonde, kitandani kwa mama. Niliziandika zote siku ileile uliyonifundisha."

Kila mtu wa Tunduma anajua kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Sisi ikiwa saa saba, wao ni saa sita. Tunaishi na saa mbili kichwani bila kufikiri, kama mtu mwenye lugha mbili. Ukivuka, simu inashika mnara wa kule na kujirudisha nyuma yenyewe, na wewe huijali, unajua saa yako. Mama wa nyaraka aliandika saa saba kwa sababu saa yake ya kichwani ilikuwa ya Tunduma. Simu ikapokea saa saba ya Zambia kwa sababu ilikuwa kwenye mnara wa Zambia. Na saa saba ya Zambia, ikifika kwenye kompyuta ya ofisi Tunduma, ni saa nane. Simu haikuwa na wenge. Aliniambia wazi kwamba inamkumbusha akiwa amesharudi, nikacheka.

Nilikwenda getini. Mlinzi wetu ana kitabu kikubwa chenye jalada gumu, anaandika kila anayeingia na kutoka kwa saa ya ukutani. Vijana wa magari humcheka kwa kitabu hicho.

"Mzee, niazime kitabu chako nusu saa."

"Hiki kitabu hakitoki getini. Hata meneja akitaka kukisoma, anakuja hapa anainama."

"Mzee, wanamfukuza mama wa nyaraka. Wanasema anatoka saa nane."

Akavua kofia. "Nani kasema? Yule mama anatoka saa saba, nikiwa nafungua hotpoti yangu ya chakula. Na akirudi mimi sijamaliza kula." Akalamba kidole, akafunua kurasa mbili tatu, akapiga mstari kwa ukucha. Kisha akakifunga na kunipa. "Nenda nacho. Kikipotea, na wewe upotee."

Nikaingia kwa meneja na kitabu kwapani, simu mbili mkononi, yangu na ya mama wa nyaraka. Ya kwangu niliipeleka kwenye laini ya Zambia, nikaziweka mezani sambamba. Moja ilisema saa tisa na robo, nyingine saa nane na robo. Nikamweleza. Nikamfunulia kitabu. Jumatatu, katoka saa saba na dakika mbili, karudi saba na dakika hamsini na tano. Jumatano hivyo. Wiki ya nyuma hivyo.

Alilinganisha saa za simu na kitabu. Hakuwa mjinga, alielewa mara moja, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

"Kwa hiyo ni kosa lake la kuandika."

"Ni kosa la simu, bosi. Na langu."

"Sawa. Barua nitaifuta." Akasukuma kitabu kurudi kwangu kwa ncha ya kalamu. "Mwambie awe makini na anachoandika."

"Na hizi kalenda, bosi? Watu wanamcheka. Acha nizishushe, waone tu nani ana nafasi na nani hana. Shida yako ilikuwa hiyo."

"Hapana. Sasa ndiyo naijua ofisi yangu. Umeona nimejua mpaka anayetaka kukimbilia Dodoma?"

"Basi na ya kwako tuifungue."

Alicheka kwa dhati, kama mtu aliyesikia mtoto akiomba kuendesha lori. "Wewe ni mhudumu. Peleka kitabu getini. Na ukigusa hizo kalenda, usirudi Jumatatu."

Nilikwenda kwa mama wa nyaraka kumpa habari njema. Nasema ukweli, nilitarajia ashukuru. Nilisimama mbele ya meza yake kama mtu aliyebeba zawadi.

"Mama, barua imefutwa. Ilikuwa ile saa ya Zambia."

"Nashukuru." Aliendelea kugonga mhuri kwenye makaratasi. Aligonga matatu, manne. "Hilo la saa ni la minara. Nani aliwafungulia daftari langu?"

"Meneja alisema..."

"Nimekuuliza nani. Kwa mkono."

"Mimi, mama."

"Na wewe ulisoma?"

Ningeweza kukataa. "Nilisoma."

"Lini?"

"Jumamosi. Kabla yao."

Akaweka mhuri chini. "Kumbe wewe ndiye ulikuwa wa kwanza." Alivua miwani, uzi wake ukaning'inia. "Mama yangu alikuwa anavaa vitenge viwili akienda kisimani. Mimi mwanaye sikuwahi kuona goti lake mpaka alipoanguka. Leo hawa wanaume wanajua ana vidonda wapi, na anavuliwa siku gani. Kazi ningeikosa, ningelima. Kwani sina mikono? Hili nitalifuta na nini?"

Niliangalia saa. Ilikuwa saa kumi kasorobo, na ofisi hufungwa saa kumi na moja.

Nilikaa mapokezi, nikaingia kwenye seva, nikashusha majina kumi na sita mpaka ngazi ya kwanza. Dada wa mapokezi aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nazima moto. Lakini nilijua meneja atampigia fundi Jumatatu na fundi, hata akinung'unika, atapandisha tena. Seva ni mali yao. Kuna kitu kimoja tu ambacho si chao. Ukiandika jambo kwenye kalenda, unaweza kuliwekea alama ya kufuli, na likishawekwa kufuli hata anayeruhusiwa kuona kila kitu haoni ila nafasi iliyozibwa. Kufuli hilo anaweka mwenye kalenda mwenyewe. Nilikuwa nalijua tangu mwanzo na sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Nikazunguka meza kwa meza. Mhasibu, dada wa mapokezi, yule wa Dodoma ambaye alitaka kunikumbatia. Niliwaonyesha wote pa kubonyeza. Nikafika na kwa vijana wa magari.

"Chai, leo umekuwa mwalimu?"

"Lete mkono hapa. Bonyeza. Siku nyingine mkeo akijifungua, meneja asijue kabla yako."

"We, usinitanie na mke wangu."

"Wewe unataniwa kwa mkeo tu. Mama wa nyaraka mlimtania kwa mama yake mzazi, tena aliye kitandani." Sauti ilipanda kuliko nilivyotaka. "Na mimi ndiye niliyewapa. Kwa hiyo tukipanga mstari wa washenzi humu ndani, mimi natangulia, nyinyi mnafuata."

Yule wa "bamayo" aliangalia vidole vyake, akabonyeza pale nilipomwonyesha.

Mwisho nikafika kwa mama wa nyaraka. Nikamwomba simu nimwekee kufuli.

"Nimeshafuta zote," akasema bila kuinua macho. "Siku za mama yangu nazijua."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni kwake. Sijui alisikia kutoka wapi. Nilitoa kile kikaratasi cha paswedi kwenye kasha la simu, nikaingia ofisini kwake, nikakiweka mezani juu ya kalamu zake. Aliniambia maneno mengi. Mengine yalikuwa ya kweli, kwamba mimi ni mtu wa kuhamahama, sina cheti, naharibu na kukimbia. Nilitoka. Mlinzi alinishika mkono getini, akaandika saa yangu ya kutoka, na kwenye nafasi ya kurudi akachora mstari.

Hayo yote niliyatembeza kichwani asubuhi ile kando ya malori mpaka Mpemba. Niligombana na meneja njia nzima, nikamshinda kila mara, na kila nikimshinda namwona mama wa nyaraka ameshika mhuri. Watu walinipita na kunitazama, nadhani midomo yangu ilikuwa inacheza.

Kwenye njia panda ya Ileje kulikuwa na Fuso tupu, dereva anafunga turubai.

"Kiongozi, unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Unakokwenda wewe."

"Mimi nafuata viazi Ibaba."

"Basi hata mimi Ibaba."

Alinikagua kutoka kichwani hadi viatuni. "Umeua mtu?"

"Hapana."

"Umeacha mke?"

"Sina."

"Panda. Ukisinzia nakushusha, nataka mtu wa kuongea."

Sikuongea sana, ila sikusinzia. Tulipofika upande wa Isongole, simu yangu ikashika mnara wa Malawi na saa ikaruka nyuma, kutoka saa sita na nusu ikawa tano na nusu. Nilitoa tusi mpaka dereva akakanyaga breki. Nilipomweleza alicheka, akasema yeye simu yake huiamini kwa namba za watu tu, saa humuuliza binadamu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima ile saa ya kujibadilisha yenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua chupa ya maji. Ningeweza kumfanyia vilevile siku aliponilalamikia.

Tukapanda milima. Barabara ikawa nyekundu, baridi ikaingia miguuni, mashamba ya viazi yakawa yanaegemea kwenye miteremko kama mikeka iliyoanikwa. Ibaba tulifika alasiri, ukungu umeshika miti. Dereva alinionyesha nyumba ndefu ya tofali nyuma ya duka, akasema pale wanapokea wageni, na tukutane kesho kama bado sijajua ninakokwenda.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzima, amejifunga blanketi juu ya kitenge. Alinikaribisha, akaniuliza habari za huko nitokako, nami nikamwamkia vizuri. Chumba kilikuwepo. Kitanda, blanketi mbili, ndoo, dirisha la mbao. Maji ya moto angeniletea.

"Ila uandike kwanza, baba. Serikali ya kijiji inataka."

Akanisogezea daftari pana lililokuwa wazi juu ya kaunta ya duka, pale wanaponunulia watu chumvi na mafuta ya taa. Mistari ilikuwa ya kalamu ya bluu: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, shughuli iliyokuleta. Mwanamume mmoja alikuwa ananunua sabuni huku kiwiko chake kimeegemea ukurasa. Macho yangu yalishasoma. Mgeni wa juzi, ametoka Chitipa, shughuli: kumzika mtoto. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lililofuata ndipo nikajikamata. Tabia haiachwi kwa siku moja.

"Mama," nikasema, "huna karatasi ngumu? Hata boksi la sabuni."

"Ya nini?"

"Ya kufunikia mistari ya wenzangu. Mtu akiandika, aone wake tu. Na daftari likae ndani, siyo hapa."

Alinitazama, kisha akalitazama daftari lake, na yule mnunuzi wa sabuni akainua kiwiko taratibu.

"Wewe unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi andika hivyohivyo, sina."

Alichana ubavu wa boksi, akanipa. Nikafunika yaliyotangulia, nikaandika jina langu, nikaandika Tunduma. Pale penye shughuli iliyonileta sikujaza kitu, naye hakunilazimisha. Alilifunga daftari, akalichukua pamoja na lile boksi, akaingia nalo ndani kwenda kunichemshia maji.